Mvuvi, Usiingie Ziwani na Fulana Moja



Kila mwezi, siku za giza zinapofika, wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria huingia ziwani jioni na kurudi alfajiri. Kabla ya kuondoka hukagua nyavu. Hukagua taa. Huziba mtumbwi unaovuja. Lakini mtu mwenyewe hakaguliwi. Utamwona kijana amevaa fulana na kaputula, naye anakwenda kukesha kwenye upepo na mvua. Jambo hili si sawa. Nguo ya mvuvi ni chombo cha kazi, kama wavu.

Wengine husema, "Nchi yetu ni ya joto, baridi haiui." Maneno haya si ya kweli. Mwili wa mtu mwenye afya una joto la nyuzi 37 hivi. Likishuka chini ya nyuzi 35, mtu huyo yumo hatarini. Si lazima pawe na barafu. Mtu aliyelowa, akipigwa na upepo usiku kucha, hupoteza joto upesi. Na Ziwa Victoria linajulikana kwa dhoruba za usiku. Usiku upepo hutoka nchi kavu, pande zote, na kukutana juu ya ziwa. Hapo ndipo mawingu ya mvua na radi hupanda.

Mtu aliyeshikwa na baridi ana dalili zake. Kwanza hutetemeka. Kisha vidole hufa ganzi, hawezi kufunga fundo wala kushika kasia. Ulimi huwa mzito. Hupepesuka na kusinzia. Akiacha kutetemeka na bado amelowa, msifurahi. Hali yake imezidi kuwa mbaya. Mtu kama huyo huanguka majini kwa urahisi. Watu husema amezama, kumbe baridi ndiyo iliyoanza kazi.

Sasa, avae nini?

Kwanza, karibu na mwili asivae pamba peke yake. Fulana ya pamba hunywa maji, nayo hukaa na maji hayo muda mrefu. Sweta ya sufu ni bora, kwa sababu hutunza joto hata ikilowa. Kwenye mitumba sweta hizo zipo. Ukitaka kuijua sufu, chomoa uzi mmoja uuchome. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Pamba hunuka kama karatasi. Nailoni huyeyuka. Sweta nene ya nailoni nayo yafaa, maana hainywi maji mengi.

Pili, juu avae koti la mvua lisilopitisha maji wala upepo. Sweta bila koti ni kazi bure, kwa sababu upepo hupenya. Kichwani avae kofia ya kufunika masikio.

Tatu, juu ya koti avae jaketi la kuokoa maisha, alifunge. Wengine hulikalia kama mto. Jaketi la kukalia halitamsaidia mtu aliyekwisha kuanguka. Tena, mabuti marefu ya mpira yaachwe nchi kavu. Yakijaa maji, kuogelea ni shida.

Nne, nguo kavu ziwekwe ndani ya ndoo yenye mfuniko unaobana. Ndoo moja yatosha watu wote wa mtumbwi.

Wewe unayepiga makasia, vua sweta kabla hujatoka jasho. Jasho nalo ni maji. Ukitua makasia, au mkitweka tanga, ivae tena mara moja.

Liko jambo la pombe. Vijana wengi hubeba chupa, wakisema inaleta joto. Hiyo ni hadaa. Pombe hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Ngozi huona joto, lakini joto la ndani linatoka nje. Pombe pia huondoa akili ya kuona hatari. Chukua chupa ya chai ya moto yenye sukari.

Mwenzenu akizidiwa, mwondoeni kwenye upepo. Mvueni nguo zilizolowa. Mfuteni, mvikeni nguo kavu, mfunikeni mpaka kichwani, uso ubaki wazi. Kama yu macho na anaweza kumeza, mpeni chai ya moto yenye sukari. Msimsugue mikono na miguu. Msimweke karibu sana na moto, ngozi yenye ganzi huungua bila yeye kujua. Kisha mpelekeni zahanati.

Kumbukeni pia kwamba baridi haileti malaria. Malaria huletwa na mbu. Mvuvi akiendelea kutetemeka baada ya kukauka na kupata joto, au akiwa na homa, aende kupimwa damu. Asinunue dawa kwa kubahatisha.

Najua tajiri mwenye mtumbwi atasema nguo hizi ni gharama. Mbona hununua wavu, taa na mafuta? Wavu ukipotea hununua mwingine. Kijana akipotea, mama yake atapewa nini? Basi gharama hii isiachwe kwa kibarua peke yake, maana yeye ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote mtumbwini.

Napendekeza jambo hili lipelekwe kwenye mkutano wa kijiji. Kila mwalo uweke sharti: mtumbwi usiondoke mpaka kila mtu awe na sweta, koti la mvua na jaketi la kuokoa maisha, na ndoo ya nguo kavu iwemo. Mwenye mtumbwi anunue koti na jaketi, viwe mali ya mtumbwi. Mvuvi alete sweta yake. Kwa njia hiyo mzigo utagawanyika.

Ndugu mvuvi, leo jioni ukimaliza kukagua taa, jikague na wewe. Kinga ni bora kuliko tiba.