Kura ya Shule Katika Mji wa Little Rock

Tangu Sehemu ya 2A ifutwe katika Katiba ya zamani mnamo Desemba 1991, macho ya harakati zetu yamekuwa yakitazama juu: Ikulu, Bunge, na tangu mwaka 2013 ofisi za magavana. Hatujutii. Huko ndiko yalikokuwa makao ya dhuluma, na kutoka huko ndiko zilikotoka amri zilizowapeleka wenzetu kizuizini. Hata hivyo tumezoea mno kudhani kwamba mamlaka hukaa katika viti virefu pekee, na kwamba uchaguzi usiokuwa na helikopta wala mabango si uchaguzi. Kwa sababu hiyo leo tunawaomba wasomaji ruhusa tuwapeleke mbali kidogo, hadi Little Rock, mji mkuu wa jimbo la Arkansas nchini Marekani, wenye wakazi wapatao laki mbili, ambako watu wamepigania kwa zaidi ya miaka sitini jambo linaloonekana dogo kabisa: nani atakaa katika Bodi ya Shule.

Mwanzo wa kisa hiki unajulikana na wengi. Mei 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Septemba 1957 wanafunzi tisa weusi walijaribu kuingia katika Shule ya Upili ya Central. Gavana Orval Faubus aliwatuma askari wa jimbo wawazuie, na Rais Eisenhower akalazimika kuleta kikosi cha 101 cha askari wa miavuli ili watoto wafike darasani. Mchungaji mmoja wa Kipresbiteri, Dunbar Ogden, alitembea na watoto hao asubuhi ya Septemba 4 mbele ya umati uliokuwa ukiwatukana. Muda si mrefu akaipoteza mimbari yake. Wale waliokuwamo katika Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi, Julai 1997, polisi walipovunja ibada kwa gesi na marungu, watamwelewa ndugu huyu, ingawa yeye hakufukuzwa na polisi bali na waumini wake mwenyewe.

Yaliyofuata hayasimuliwi sana, nayo ndiyo yanayotuhusu. Mnamo Septemba 12, 1958, katika kesi ya Cooper v. Aaron, Mahakama ya Juu iliamuru kwamba kuchanganywa kwa wanafunzi kuendelee bila kuahirishwa. Siku iyo hiyo Faubus alitia saini sheria mpya na kuzifunga shule zote nne za upili za mji, za weupe na ya weusi. Halafu, kama afanyavyo mtawala anayetaka dhambi yake ibebwe na wengi, akawaita wananchi wapige kura. Septemba 27 walipiga. Waliokataa kuchanganywa kwa wanafunzi walikuwa 19,470, waliokubali, 7,561.

Mwanasheria akiisoma karatasi ile ya kura ataona mara moja ujanja uliokuwamo. Mpigakura hakuulizwa kama anataka shule zifunguliwe au zibaki zimefungwa. Aliulizwa kama anakubali shule zote za mji zichanganywe, au anakataa. Mzazi aliyetaka tu mwanawe arudi darasani hakuwa na mahali pa kuweka alama. Sisi tuliosimama kwenye mlolongo wa 1988, tukaona foleni fupi ikitangazwa kuwa ndefu, twajua kwamba kuna kura inayoibwa katika kuhesabu. Little Rock inatufundisha kwamba kuna inayoibwa katika kuuliza.

Basi wanafunzi 3,665 wakakosa shule mwaka mzima. Walimu walikuwa na mikataba, kwa hiyo waliripoti kazini kila asubuhi na kukaa mbele ya madawati matupu. Timu ya kandanda ya Kimarekani, hata hivyo, iliruhusiwa kuendelea na mechi zake. Wazazi weupe wenye uwezo waliwapeleka watoto wao shule za kibinafsi au kwa jamaa katika miji mingine. Watoto weusi ndio walioumia zaidi, na karibu nusu yao hawakupata masomo yoyote.

Nani angesema? Wafanyabiashara walinyamaza wakihofia wateja. Brooks Hays, mbunge wa eneo hilo na wakati huo kiongozi wa kanisa kubwa la Wabaptisti wa Kusini, alijaribu kusuluhisha, na Novemba 1958 akashindwa na mtu ambaye hata jina lake halikuchapishwa katika karatasi za kura. Watu waliliandika kwa mkono. Mtu huyo, Dale Alford, alikuwa mjumbe wa Bodi ya Shule. Daisy Bates, aliyewalea wale tisa kama mama, alinyimwa matangazo ya biashara hadi gazeti lake likafa mwaka 1959.

Waliosema walikuwa akina mama. Siku nne baada ya shule kufungwa, wanawake wachache walikutana nyumbani kwa Adolphine Fletcher Terry, bibi aliyekuwa amepita umri wa miaka sabini, wakaunda Kamati ya Dharura ya Wanawake ya Kufungua Shule Zetu. Orodha ya wanachama wake ilifichwa kama siri ya vita, kwa kuwa waume wangepoteza kazi, na haikutolewa hadharani hadi mwaka 1998, miaka arobaini baadaye. Tusiwapambe kupita kiasi. Kamati ile ilikuwa ya wanawake weupe watupu. Waliogopa kwamba mwanachama mweusi mmoja angeiharibia sifa mbele ya wapigakura, na kwa hesabu hiyo wakaufuata ubaguzi ule ule ulioufunga mji wao. Jambo hili tunaliandika kwa sababu hata katika harakati zetu tumewahi kuambiwa kwamba jina fulani, kabila fulani, lisionekane kwanza kwenye barua, mpaka ushindi upatikane.

Novemba hiyo wajumbe watano kati ya sita wa Bodi walijiuzulu kwa kukata tamaa. Desemba ukafanyika uchaguzi, na mji ukajigawa sawasawa: watetezi wa ubaguzi watatu, wenye msimamo wa wastani watatu. Bodi ikakwama. Mnamo Mei 5, 1959, baada ya asubuhi nzima ya kura tatu kwa tatu, wale wa wastani waliondoka mkutanoni wakijua kwamba bila wao hakuna akidi. Watatu waliobaki wakajitangaza kuwa akidi. Alasiri hiyo wakakataa kurefusha mikataba ya walimu na wafanyakazi 44, akiwamo mkuu wa Shule ya Central na naibu wake Elizabeth Huckaby, kwa kosa la kushukiwa kwamba walikubali watoto weusi wasome.

Hapa ndipo mji ulipoamka, na sababu yake inafaa kutafakariwa. Shule zilikuwa zimefungwa miezi minane na wengi walivumilia. Lakini mwalimu Fulani aliyemfundisha baba na sasa anamfundisha mtoto, kumtimua yeye bila kumsikiliza, hilo lilikuwa na uso na jina. Dhuluma ya jumla huzoeleka upesi. Dhuluma inayomfika jirani huwatoa watu nyumbani. Chama cha wazazi na walimu kilipinga. Siku tatu baadaye kikaundwa kikundi kilichoitwa STOP, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kukomesha utimuaji huu wa aibu. Wapinzani wao wakaunda chao, wakakiita CROSS, yaani kamati ya kudumisha shule za kibaguzi, na herufi zake zikatoa neno la Kiingereza la msalaba. Tunawaachia wahubiri wetu walitafakari jina hilo.

Sheria ya Arkansas iliwapa wapigakura nafasi ya kumwondoa mjumbe wa Bodi kabla ya muda wake kwisha. Pande zote mbili zikakusanya saini, kila moja ikitaka kuwang'oa watatu wa mwenzake, na Mei 25 ikawekwa kuwa siku ya kura. Wafanyabiashara walionyamaza walitoa fedha. Wale akina mama, ambao kwa miezi minane walikuwa wamejifunza kusoma daftari la wapigakura, walitoa kazi. Walipiga simu mtaa kwa mtaa na kuwabeba wapigakura kwa magari yao. Na mitaa ya watu weusi ikajitokeza kwa wingi, ingawa Arkansas ilikuwa bado inamtoza mpigakura dola moja kwa mwaka kabla ya kumruhusu kupiga kura. Kodi ya kichwa: neno hilo wazee wetu hawalihitaji kufasiriwa. Usiku huo wabaguzi watatu waliondolewa kwa tofauti ndogo ya kura, na watatu wa wastani wakabaki. Juni mahakama ya shirikisho ikaibatilisha sheria iliyofunga shule. Agosti 12, 1959, zikafunguliwa. Mwezi uliofuata wanafunzi 81 wa Kenya walipanda ndege Nairobi, kwa juhudi za Tom Mboya, kwenda kusoma katika nchi hiyo hiyo.

Je, haki ilitendeka? Hapana, mlango ulifunguliwa kidogo tu. Bodi ya wastani iliwaruhusu wanafunzi weusi wasiozidi kumi kuingia shule za upili za weupe mwaka huo, ikitumia fomu na masharti ya kumpangia kila mtoto shule. Tena walimu walibaki na kitanzi kingine shingoni. Sheria ya mwaka 1958 ilimlazimu kila mwalimu wa shule za umma aape kwa maandishi, kila mwaka, akitaja vyama vyote alivyojiunga navyo au kuvichangia katika miaka mitano iliyopita. Mwalimu mweusi B. T. Shelton, mwenye utumishi wa miaka mingi, alikataa, akanyimwa mkataba. Katika Shelton v. Tucker, Desemba 1960, Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria hiyo kwa majaji watano dhidi ya wanne. Na huyo Tucker aliyeshtakiwa ni nani? Everett Tucker, rais wa Bodi, mmoja wa watatu waliookolewa na kura ya Mei 25. Mjumbe uliyemwokoa jana waweza kumkuta kesho upande wa pili wa mahakama, wala si ajabu, na si sababu ya kujuta kwamba ulimpigia kura.

Wapo watakaosema hayo ni ya kale. Mnamo Januari 28, 2015, Bodi ya Elimu ya Jimbo la Arkansas, ambayo wajumbe wake huteuliwa na gavana, iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kuivunja Bodi ya Shule ya Little Rock. Shule sita kati ya 48 zilikuwa na matokeo mabaya ya mitihani. Wajumbe saba waliochaguliwa na wananchi, wanne wao weusi, wakaenda nyumbani, na utawala ukashikwa na afisa wa jimbo. Matokeo mabaya yalikuwa ya kweli, na Bodi ilikuwa na ugomvi wake, hatutaki kuyafunika. Lakini kwa hesabu hiyo, shule 42 ziliadhibiwa kwa sababu ya sita, na mzazi aliyekuwa na mtu wa kumuuliza akabaki bila mtu. Hoja ya kwamba wananchi hawajakomaa, kwamba kwanza matokeo kisha kura, sisi tuliisikia kwa lugha zetu zote hadi mwaka 1991.

Mwaka 2019 jimbo lilipopendekeza kuurudisha utawala kwa vipande, shule nzuri zirudi kwa bodi ya kuchaguliwa na zile dhaifu zibaki mkononi mwake, watu walikusanyika tena mbele ya Shule ya Central. Waliona wazi ni mitaa ya akina nani ingebaki bila kura. Pendekezo likaondolewa. Novemba mwaka huo walimu waligoma siku moja. Novemba 3, 2020, karibu miaka sita baada ya bodi kuvunjwa, Little Rock ilichagua bodi mpya ya wajumbe tisa, mmoja kwa kila eneo.

Sasa turudi nyumbani. Katiba yetu ya 2010, katika Ibara ya 104, inampa mpigakura haki ya kumwondoa mbunge wake kabla ya muda, lakini Bunge liliizungushia haki hiyo miiba mingi kiasi kwamba mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha baadhi ya vifungu vyake. Kuhusu shule, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inasema kwamba wazazi watachagua watu sita wa kuwawakilisha katika Bodi ya Usimamizi, kisha Bodi ya Elimu ya Kaunti iwateue. Wangapi kati yetu wameuhudhuria mkutano wa wazazi ambamo sita hao walichaguliwa kweli, kwa kura, na si kwa mwalimu mkuu kusoma majina na watu kupiga makofi?

Sheria hiyo hiyo inawapa wafadhili wa shule viti vitatu, na katika shule nyingi mfadhili ni kanisa. Tumedai miaka mingi kwamba serikali iwachague watu wake hadharani. Basi tunawaomba wazee wa kanisa, mabaraza ya parokia na jumuiya za akina mama, katika kila shule inayobeba jina la kanisa lenu, watuletee kabla ya toleo lijalo majina ya wale watatu wanaokaa huko kwa niaba yenu, na watueleze ni mkutano gani uliowachagua.