Mwongozo Gani wa Nguvu Utufaao Wachezaji wa Karate?

Kuna jambo linalozungumzwa sana muhula huu, bwenini na uwanjani. Chama chetu cha karate kimechanga fedha ili kununua mwongozo wa mazoezi ya nguvu, na wachezaji wamegawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza lataka kitabu chenye picha za watu waliotunisha misuli, kinachoamuru mazoezi siku 6 kwa juma. Fungu la pili lasema hatuna haja ya kitabu chochote, kwa kuwa karate yenyewe yatosha. Mimi naona ya kuwa wote wawili wamekosa. Mwongozo twauhitaji, lakini uwe mtumishi wa karate, usiwe bwana wake.

Kwanza niwajibu wanaosema karate yatosha. Karate ilitoka katika kisiwa cha Okinawa, na walimu wa huko hawakutegemea ngumi na mateke peke yake. Walikuwa na jiwe lililotiwa mpini wa mti, liitwalo chishi, wakilinyanyua na kulizungusha ili kutia nguvu viganja, mikono na mabega. Walikuwa pia na mitungi ya udongo. Mtu aliishika midomo ya mitungi kwa vidole vyake akatembea nayo, na kadiri alivyopata nguvu ndivyo mchanga ulivyoongezwa ndani. Mazoezi ya namna hiyo yamo hata leo katika mtindo wa Goju-ryu, ulioanzishwa na mwalimu Chojun Miyagi, aliyefariki mwaka 1953. Basi asiseme mtu ya kuwa kunyanyua vitu vizito ni mambo mageni yanayoharibu karate.

Wengine hunionyesha wavuvi wetu wa Minago wakisema, "Tazama mikono ile! Wamesoma kitabu gani?" Nami huwajibu ya kuwa wavuvi wanao mwongozo, ila haukuandikwa. Mtoto wa mvuvi huanza kwa kubeba kamba, akikua hupewa kasia, na mwisho hujiunga na wanaume wanaovuta wavu uliojaa ndagala. Mzigo umekua pamoja naye. Tena wana mapumziko yao, maana wavuvi wa taa hukaa pwani wakati wa mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwaka sana samaki hawakusanyiki kwenye taa. Kuongeza kidogo kidogo na kupumzika kwa wakati wake, mambo hayo mawili ndiyo moyo wa mwongozo wowote ulio mzuri. Hata waganga wameyasema. Mwaka 1945 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alieleza jinsi alivyowatibu askari waliodhoofika miguu kwa kuwapa uzito wa kuinua, akiuongeza kadiri nguvu zao zilivyorudi.

Sasa nawageukia wapenzi wa kitabu cha picha. Kitabu kile kiliandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka misuli yake ionekane, wala hana kazi nyingine ya mwili. Sisi twacheza karate jioni 3 kila juma, twalima bustani, twachota maji, na chakula chetu ni ugali wa muhogo na maharagwe, na ndagala siku zikiwa njema. Mtu kama huyo akiongezewa siku 6 za kunyanyua, atapumzika lini, na atasoma saa ngapi? Muhula uliopita mwenzetu wa darasa la chini alifuata karatasi ya namna hiyo iliyokuwa ikipita mkono kwa mkono. Siku ya kwanza tu alibeba mfuko wa saruji wa kilo 50 mabegani akainama nao. Alilala majuma 2, akakosa mitihani yake. Wala si wadogo peke yao waumiao. Bruce Lee, ambaye sote twamwona katika sinema, mwaka 1970 aliumia mgongo kwa kuinama na chuma mabegani, ikambidi aache mazoezi kwa miezi mingi. Ikiwa bingwa kama yule aliumia, sisi ni nani?

Basi tuchagueje? Naona mwongozo uulizwe maswali manne kabla ya kutoa fedha.

La kwanza, je, waweza kutumika hapa kwetu? Mwongozo unaotaka mashine za mjini hautatusaidia kitu. Sisi tuna dumu la lita 20, na lita 1 ya maji ni kilo 1. Mtu aweza kuanza na lita 5, na juma linalofuata akatia lita moja zaidi, akajua hasa amebeba nini. Lakini aangalie, asitie mchanga kwa kipimo kile kile, maana mchanga ni mzito kuliko maji.

La pili, je, watupa tusichokuwa nacho? Katika karate twapiga ngumi mamia kwa jioni moja, yaani kazi yetu kubwa ni kusukuma mbele. Mwongozo wa pushapu tupu waongeza kile tulicho nacho tayari. Utufaao una kuvuta pia, kama kujivuta juu kwa tawi la mwembe, au kuinua dumu toka chini hadi kiunoni. Una kuchuchumaa na kusimama, na kukaza tumbo na kiuno, kwa kuwa nguvu ya ngumi huanzia miguuni, ikapita nyongani, ndipo ifike mkononi.

La tatu, je, waiachia karate nafasi yake? Kwa sisi, siku 2 kwa juma zatosha, zisifuatane, wala isiwe siku moja kabla ya mashindano. Mchezaji akifika uwanjani mapaja yakimtetemeka kwa mazoezi ya jana, mwongozo wake umemwibia.

La nne, je, waeleza kwa maneno namna ya kusimama, namna ya kupasha mwili moto kabla ya kuanza, na dalili za kuacha? Picha yaonyesha mtu aliyekwisha kuinua, haionyeshi alivyoinua. Mwongozo usiokuambia lini uache ni wa hatari, hata ukiwa na jalada zuri namna gani.

Nina neno pia kwa ninyi mliotangulia. Mara kwa mara mwauliza mtutumie nini. Msitutumie vyuma, maana mawe na maji tunayo. Miongozo mingi iliyo mizuri imeandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa kigumu, na wadogo zetu hutazama picha tu kwa kuwa maneno yamewashinda. Mmoja wenu aliyesoma uganga au ualimu wa michezo akitufasiria kurasa kumi kwa Kiswahili au Kirundi chepesi, atakuwa ameokoa migongo mingi.

Ndugu zangu, fedha zilizochangwa zimetoka kwa wazazi wauzao mawese na samaki, na si nyingi. Jumamosi chama kitapiga kura. Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo, nami nakubali. Lakini nyenzo huwekwa chini ya chombo, haipakiwi juu yake. Nawasihi mje na maswali yale manne mkononi, na kitabu kisichoweza kuyajibu, kiacheni dukani.