Afisa na Spana: Aibu Iko Wapi?

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nimelala chali chini ya gari langu, uani kwangu, mikono imejaa oili, alipopita jirani ambaye ni mtumishi wa serikali. Alisimama, akanitazama, kisha akasema kwa huruma: "Pole sana, Mwalimu. Mambo yamekuwa magumu kiasi hicho?" Nilimjibu kwamba mambo ni ya kawaida, ila oili ya injini imetimiza kilomita zake. Hakuniamini. Kwake yeye, msomi hashiki spana mpaka awe amefilisika.

Hiyo ni kasumba tuliyoirithi tangu enzi za ukoloni, karani alipoaminishwa kwamba mkono unaoshika kalamu haupaswi kushika kitu kingine. Ndiyo maana utamkuta mwalimu anayewahimiza wanafunzi wapende kazi za mikono, lakini yeye mwenyewe hajapata kukichomoa kijiti cha kupimia oili katika gari lake, achilia mbali kujua kizibo cha kuimwagia kiko wapi.

Wakati mmoja nami nilikuwa hivyo. Nilipeleka gari katika gereji moja yenye jina, nikalipia oili, filta ya oili, filta ya hewa na kitu kilichoitwa ukaguzi wa jumla. Siku chache baadaye, kwa udadisi tu, nilifungua kasha la filta ya hewa. Nikaikuta ile ile ya zamani, nyeusi kwa vumbi, na jani kavu la mwarobaini limenasa ndani yake. Niliporudi kulalamika nikaambiwa kwamba huenda fundi alisahau. Kusahau ni ubinadamu, lakini aliyeandika stakabadhi hakusahau hata senti moja.

Fedha zilizopotea si hasara pekee. Mwenye gari asiyejua lolote hawezi kumtofautisha fundi mwaminifu na mwizi. Huwalipa wote sawa, na yule mwaminifu hapati faida yoyote kwa uaminifu wake. Wanaodai kwamba sisi tunaojihudumia tunawanyang'anya mafundi riziki yafaa walifikirie jambo hilo. Injini iliyokufa, giaboksi, usukani na umeme bado ni kazi ya fundi, na mimi huwapelekea.

Kubadili oili si kazi ya ajabu. Injini iwe na joto la wastani, isiwe ya moto. Gari likiwa mahali tambarare, oili chafu humwagwa katika karai, kizibo kikarudishwa na wosha mpya. Pete ya mpira ya filta mpya hupakwa oili kidogo, filta ikakazwa kwa mkono, na ni lazima kuhakikisha pete kuukuu haikubaki imeganda kwenye injini, kwani hapo oili itavuja. Gari dogo la petroli lenye injini ya CC 1,500 kwa kawaida huchukua lita 3 na nusu hadi 4. Aina ya oili imeandikwa katika kitabu cha gari. Mengi ya magari yetu yametumika kwanza Japani, na kitabu chake, kama kimo, ni cha Kijapani. Hata hivyo tarakimu za oili, kama vile 5W-30, zasomeka na mtu yeyote.

Lakini ujasiri bila maarifa huua. Katu usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia. Gari likae juu ya stendi za chuma, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe. Rejeta haifunguliwi ikiwa ya moto. Breki usiziguse mpaka ufundishwe na anayezijua, na katika magari yatumiayo petroli pamoja na umeme, nyaya za rangi ya machungwa si za kuchezea hata kidogo. Tena katika baadhi ya magari kizibo cha giaboksi hukaa karibu na cha injini. Wako waliomwaga oili ya giaboksi kwa makosa, wakaijaza injini mara mbili, kisha wakawasha gari.

Limebaki jambo moja ambalo wengi wetu tunalifanya vibaya, na gereji nyingi za mitaani pia. Oili chafu humwagwa mtaroni au nyuma ya nyumba, palepale karibu na kisima. Wengine huipaka nguzo za ua ili kuzuia mchwa, na mvua huishusha ardhini. Mimi huirudisha katika dumu ilimotoka oili mpya, nikafunga kifuniko, na madumu yakifika matatu au manne nayapeleka kwa wakusanyaji wenye kibali. Jirani yangu aliniona nikiyapakia, akaniuliza kama nimeanza biashara.