Kizibo cha Kisiginoni na Sindano ya Kitovuni

Kila likizo ya shule inapowadia, wazazi huniuliza swali moja: je, yafaa watoto wetu kutazama filamu za mashujaa wa Kiyunani, ambazo ndani yake miungu chungu nzima hugombana? Wako wanaozima televisheni, wakadhani wamemaliza. Wako wanaowaacha watoto peke yao na yale wayaonayo. Mimi naiona njia ya tatu, iliyo nzito zaidi: mzazi aketi nao.

Tuchukue mfano wa filamu ya Jason and the Argonauts, iliyotoka mwaka 1963. Mwongozaji wake alikuwa Don Chaffey, lakini sifa yake kubwa inatokana na mikono ya Ray Harryhausen, aliyetengeneza sanamu ndogo ndogo, akazisogeza kiungo kwa kiungo na kuzipiga picha moja moja. Pambano la Jason na wenzake wawili dhidi ya wapiganaji saba wa mifupa mitupu ni la dakika chache tu, ila lilimchukua zaidi ya miezi minne. Mwelezeni mtoto hayo. Hofu itamtoka, na mahali pake itakaa heshima ya subira na kazi.

Katika filamu hiyo, Zeus na mkewe Hera huketi mbele ya ubao mfano wa sataranji, wakiwachezesha wanadamu kama kete. Jason hudhani anachagua njia yake. Na mwishoni Zeus anauahirisha mchezo hadi siku nyingine. Hapo mwulizeni mtoto: waendeshao mambo wakiwa wengi, na kila mmoja ana lake alitakalo, je, mbingu na ardhi zitasalimika? Atajibu mwenyewe. Hoja hiyo ndiyo tuliyosomeshwa chuoni katika Suratul Anbiyaa, nayo humkaa mtoto zaidi aifikiapo kwa akili yake kuliko akaririshwapo.

Kisha mfikisheni kwa Talos, jitu la shaba. Mabaharia wa Jason wameagizwa wachukue kisiwani chakula na maji tu. Hercules, mwenye nguvu kuliko wote, anaiingia hazina na kutoka na pini ya vazi iliyo kubwa kama mkuki. Jitu linaamka na kukivunja chombo chao. Jason analishinda kwa kukifungua kizibo kilichokuwa kisiginoni mwake, lakini linapoporomoka linamwangukia kijana Hylas, rafiki wa Hercules. Aliyevunja agizo akabaki hai. Rafikiye ndiye aliyelipa.

Msiishie hapo. Wakumbusheni watoto Fumo Liyongo wetu, ambaye silaha haikumwua ila sindano ya shaba kitovuni. Na aliyemchoma hakuwa adui wa mbali, bali mwanawe wa kumzaa, aliyehadaiwa kwa ahadi ya kuozwa binti wa sultani. Wayunani walikiweka kizibo kisiginoni, wazee wetu wakaiweka sindano kitovuni, na pande zote mbili msiba uliletwa na tamaa ya mtu wa karibu. Ndiyo maana tukasema: kikulacho ki nguoni mwako.

Wala jina la Hercules si geni kwetu. Herekali, mfalme wa Rumi tunayemsoma katika Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, jina lake lina asili hiyo hiyo. Mtoto aliyemjua Herekali na Liyongo hatadhani kwamba mashujaa wote walizaliwa ng'ambo.

Sisemi kila sehemu ya filamu inafaa. Ipo ngoma ya Medea hekaluni, ambayo mzazi mwenye haya ataivuka. Lakini atawezaje kuivuka ikiwa hayupo? Televisheni ya sebuleni twaweza kuizima. Simu ya mtoto wa jirani hatuwezi. Yale tuliyomkataza bila kumweleza, atayatazama huko, na maswali yake atajibiwa na mtoto mwenzake.

Basi likizo hii tengeni jioni moja. Ketini na wanenu, tazameni pamoja, na filamu ikiisha waulizeni: nani alivunja amana, na nani alilipa? Kisha nyamazeni, muwasikilize.

Wallahu aalam.