Wapimwe kwa Kazi, Shahada Ije Baadaye

Tangazo la kazi nililolisoma majuzi, la taasisi moja ya fedha jijini Dar es Salaam, linatafuta mchambuzi wa usalama wa mtandao wa ngazi ya kuanzia. Masharti yake ni shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta yenye ufaulu wa juu, pamoja na cheti cha CISSP. Waliojifunza wenyewe wameambiwa kwa herufi nzito kwamba maombi yao hayatashughulikiwa.

Sharti hilo ni baya, na linaiumiza taasisi yenyewe kabla halijamuumiza kijana yeyote. Shahada ni sifa njema na ihesabiwe hivyo. Kuifanya kigezo cha kumfungia mtu nje kabla hajaulizwa hata swali moja, katika fani hii hasa, hakuna utetezi.

Hicho cheti cha CISSP peke yake kinatosha kuonyesha jinsi tangazo lilivyoandikwa. Kinatolewa na shirika la ISC2, na masharti yake hayajafichwa: mwombaji awe amefanya kazi ya kulipwa kwa miaka mitano katika angalau maeneo mawili kati ya manane yanayotahiniwa. Mwenye shahada hupunguziwa mwaka mmoja tu. Ada ya mtihani inazidi dola 700 za Marekani. Anayefaulu bila uzoefu huo hubaki kuwa mwanachama mshiriki mpaka miaka yake itimie. Kwa hiyo kijana anayeanza kazi hawezi kuwa na cheti hicho. Aliyeandika tangazo hakujua anadai nini, na huyohuyo ndiye anayeamua nani aitwe kwenye usaili.

Wanaotetea sharti la shahada wana hoja zao. Wanasema chuo humpa mtu misingi: jinsi data inavyosafiri kutoka mashine moja hadi nyingine, jinsi mfumo endeshi unavyogawa kumbukumbu, hisabati iliyo nyuma ya usimbaji fiche. Anayejifunza peke yake mara nyingi hukimbilia zana na kuiruka misingi hiyo. Ni kweli kwamba wapo vijana wanaoitumia Kali Linux, mfumo uliojaa zana za udukuzi, kwa wepesi lakini hawawezi kueleza kompyuta mbili zinavyoanzisha mawasiliano ya TCP. Wanasema pia kwamba maombi ni mengi na mwajiri anahitaji chujio. Sawa, chujio liwepo. Swali ni linachuja nini.

Ipo na hoja ya maadili, ambayo husemwa kwa sauti ya chini lakini ndiyo inayowatisha wakubwa: kwamba aliyejifunza mtandaoni amejifunza wizi. Mfano wao ni Marcus Hutchins, Mwingereza ambaye hakupita chuo kikuu. Mwezi Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipokuwa vimekwisha kuzilemaza hospitali za Uingereza, alisajili jina la tovuti lililokuwa limefichwa ndani ya programu hiyo, kwa gharama ya dola kama kumi, na maambukizi yakasimama. Miezi mitatu baadaye akakamatwa Marekani kwa kosa la kuandika, alipokuwa kijana mdogo, programu ya kuiba taarifa za benki. Mwaka 2019 alikiri kosa, na hakimu hakumwongezea kifungo. Lakini wanaomtaja Hutchins wamtaje na Robert Morris, aliyeachia mnyoo wa kompyuta wa kwanza kuliyumbisha eneo kubwa la intaneti, Novemba 1988. Morris alikuwa amehitimu Harvard na alikuwa akiendelea na masomo ya juu Cornell. Chuo hakikumzuia. Uadilifu una njia zake za kuchunguzwa, ikiwemo kumbukumbu za polisi na wadhamini, na zinamhusu kila mwombaji, mwenye joho na asiye nalo.

Sasa nije kwenye jambo linalolimaliza shauri hili. Kuna kazi ambazo huwezi kumpima mtu kwa kumwachia azifanye. Huwezi kumkabidhi mgonjwa kwa mtu asiyejulikana ili uone kama anajua upasuaji, wala kumpa daraja alijenge ili uone kama litaanguka. Kwa kazi hizo tunalazimika kutegemea karatasi, kwa sababu jaribio lenyewe lingeua. Usalama wa mtandao hauko hivyo. Mfumo mzima wa kampuni ya kubuni, wenye seva, barua pepe na hifadhidata, unaweza kujengwa ndani ya kompyuta mpakato moja kwa programu za bure. Ukaharibiwa, ukajengwa tena kabla ya chakula cha mchana, bila shilingi ya mteja yeyote kuguswa.

Fikiria usaili wa saa nne. Mwombaji anapewa kumbukumbu za seva za wiki moja. Ndani yake kuna akaunti ya mhasibu iliyokosea nywila mara nyingi mfululizo saa nane usiku, kisha ikaingia, kisha ikanyamaza siku mbili, kisha ikapakua orodha ya wateja. Anaambiwa: tueleze kilichotokea, kwa mpangilio wa saa, na utuambie ungefunga nini kwanza. Anapewa pia barua pepe ya ankara ambayo namba ya akaunti imebadilishwa, na jina la tovuti ya mtumaji lina herufi moja isiyo yake. Mwisho anaandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili au Kiingereza, wa kusomwa na mkurugenzi asiyejua kompyuta.

Zoezi hilo halimpendelei mtu wa mtaani. Aliyeruka misingi atakwama kwenye kumbukumbu, kwa sababu hatajua kipi ni cha kawaida na kipi si cha kawaida. Aliyekariri slaidi za mhadhiri atakwama palepale, kwa sababu aliyoyazoea ni maswali ya kuchagua jibu. Ukurasa wa mkurugenzi utawaumbua wengi wa pande zote mbili, na ndio unaofanana zaidi na kazi yenyewe, maana mchambuzi asiyeweza kumweleza bosi hatari iliyopo ni sawa na kutokuwa naye. Mtihani maarufu wa OSCP umejengwa kwa wazo hilohilo: karibu saa 24 za kuingia kwenye mashine zilizoandaliwa, kisha saa 24 nyingine za kuandika ripoti. Hakuna anayeuliza ulisoma wapi.

Wala si wazo geni hapa nyumbani. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Fundi gereji, mwashi, seremala aliyejifunzia kazini hupimwa kwa vitendo, akionekana anaweza hupewa cheti kinachotambuliwa na serikali. Nchi hii ilikwisha kukubali kwamba mkono uliojifunzia chini ya mwembe unaweza kupimwa na kuaminiwa. Kisha tunamgeukia binti aliyekaa miaka miwili akinunua bando la usiku, akafanya mazoezi yote ya bure ya Web Security Academy na picoCTF, akajenga maabara yake chumbani kwa VirtualBox ili asiguse mfumo wa mtu, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini. Huyo tunamwambia hatuna namna ya kujua kama anaweza.

Namna ipo. Kisichokuwepo ni mtu wa kusahihisha. Hapa ndipo uvumilivu wangu unapoisha. Taasisi nyingi hudai shahada na vyeti kwa sababu ndani ya jengo zima hakuna anayeweza kusoma jibu la mwombaji na kusema hili ni sahihi, hili ni kosa. Afisa rasilimali watu anaweza kuhesabu vyeti, basi anahesabu vyeti. Huko ni kuukwepa wajibu, na wanaoulipia ni wateja ambao majina yao, namba zao za simu na salio lao vinalindwa na mtu aliyechaguliwa hivyo. Benki isiyoweza kumtambua mlinzi mzuri akiwa ameketi mbele yake haitamtambua mwizi akiwa ndani ya mtandao wake. Watu wetu wanaibiwa kila siku kwa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" na kwa laini zinazosajiliwa upya bila wao kujua, halafu tunasema kijana anayejua mbinu hizo mstari kwa mstari hafai kuitwa hata kwenye usaili!

Aprili 2024 Ikulu ya Marekani ilitangaza kwamba ajira za teknolojia ya habari katika serikali yake kuu zitaelekezwa kwenye kupima ujuzi badala ya shahada. Hao wana vyuo vingi kuliko sisi, na bado waliona chujio hilo linawanyima watu.

Lawama hizi siwatupii wahadhiri, maana wao ndio wanaoweza kutuvusha. Chuo Kikuu cha Dodoma kina programu ya usalama wa mtandao, na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na DIT wanao uwezo wa kutunga na kusahihisha zoezi la saa nne. TZ-CERT, kikosi cha taifa cha dharura za kompyuta kilicho chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kingeweza kulisimamia mara mbili kwa mwaka, taasisi zikachangia gharama na kupata orodha ya waliofaulu. Wahitimu wa vyuo nao wakae kwenye chumba hichohicho, siku hiyohiyo, na karatasi zisahihishwe kwa namba bila majina wala vyuo walivyotoka.