Mama Akipewa Cheo

Mwalimu wa kike anayefundisha Nalasi, upande wa kusini wa Wilaya ya Tunduru, ilhali mumewe ni mtumishi mjini Songea, yu mbali na mwenzake kwa zaidi ya kilomita 200. Na watoto anao yeye. Akiteuliwa kuwa mwalimu mkuu, maswali huanza: watoto atawalea nani? Mumewe akipandishwa cheo, hupewa mkono wa pongezi tu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imempa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua mapacha, na hadi saa 2 za kunyonyesha katika siku ya kazi. Sheria ni njema. Lakini katika shule yenye walimu wachache, mama akitoka kwenda kunyonyesha, darasa hubaki bila mtu. Baba naye amepewa siku 3, na safari ya kwenda na kurudi huzila mbili.

Wapo wasemao kuwa mwanamke mwenye watoto wadogo asiombe cheo wala masomo. Kauli hiyo haiwafai watumishi wa nchi iliyoamua, kwa Azimio la Musoma la mwaka 1974, kwamba kila mtoto asome. Linalotakiwa ni waajiri kuyashughulikia mapema maombi ya uhamisho wa kumfuata mwenzi, badala ya kuyalaza ndani ya majalada. Aidha, akina baba walioko mjini wakumbuke kwamba uhamisho waweza pia kuombwa kutoka Songea kwenda Nalasi.