Mpigapicha, Taja Bei

Andika swali hili fupi kwenye ukurasa wa mpigapicha yeyote wa sherehe hapa Dar es Salaam: "Kitchen party ya watu hamsini, Tabata, Jumamosi mchana, shilingi ngapi?" Jibu litakuja haraka, ila halitakuwa na tarakimu hata moja. Njoo inboksi. Ukienda inboksi utaulizwa ni ukumbi gani. Ukitaja ukumbi utaulizwa bajeti yako ikoje. Ukisema hujafika kwenye bajeti, unataka kujua bei tu, utajibiwa kwa upole wote: "Bei maelewano, dada yangu, hatuwezi kushindwana."

Watu wengi wanaupenda utaratibu huu na wanautetea kama sehemu ya malezi yetu. Wanasema kutotaja bei ni uungwana: mwenye nacho anatoa zaidi, asiye nacho anapunguziwa, kila sherehe ina mambo yake, na Waswahili hatuuziani kama supamaketi. Nimewasikia wakisema hivyo hata watu ambao utaratibu huo umewakamua. Mimi nasema ni uongo uliovishwa adabu, na anayekamuliwa zaidi ni huyohuyo tunayedai kumhurumia.

Mchukue huyo asiye nacho. Tuseme ni mama mmoja wa Mbagala, anamuaga binti yake, amepewa namba ya mpigapicha na jirani. Anapiga simu, anaamkiwa shikamoo yake, anatajiwa laki tano. Anaona haya kubishana na kijana aliye sawa na mwanawe wa mwisho. Anaomba "mwanangu nipunguzie", inatolewa elfu hamsini, anashukuru na kumwombea dua. Wiki hiyohiyo kijana huyo anapigiwa na mwenyekiti wa kamati ya harusi ya Mbezi Beach, mtu ambaye mwezi mzima amekuwa akivutana na mwenye ukumbi, mpishi, mpambaji na MC, na ulimi wake umeshanolewa. Kazi ni ileile, saa ni zilezile. Anatajiwa laki nane, anacheka. Anasema wapo wengine wawili wametaja laki tatu, tena wageni wake ni watu wazito, "humo ndani utaokota kazi mpaka ukimbie". Wanamalizana kwa laki nne. Mama wa Mbagala amelipa laki nne na nusu.

Kuvutana bei ni ustadi, na sijawahi kuona ustadi huo ukigawiwa kwa kufuata umaskini wa mtu. Unao mwenye mdomo, mwenye namba nyingine tatu mfukoni, asiyeona haya. Kinachoitwa huruma kwa mnyonge ni punguzo kwa mjanja, na hilo punguzo mnyonge ndiye anayelifidia.

Nitaambiwa mbona Kariakoo tunavutana kila siku na hakuna aliyekufa. Sawa, lakini kitenge cha Kariakoo unakishika, unakikunjua, unatazama pindo, na ukichoka na muuzaji unavuka barabara. Picha za sherehe zinauzwa kabla hazijakuwepo. Ukibishana juu ya kitu ambacho hakipo, kinachobaki kubishaniwa ni namba tupu, na kweli ndivyo inavyokuwa: mazungumzo ya nusu saa yanaisha bila mtu kuuliza zitakuja picha ngapi, zitakuja lini, anakuja mtu mmoja au wawili, albamu imo au haimo. Mteja anakata simu akiwa amefurahi kwamba kaangusha laki. Hajui imeangukia wapi.

Mimi nitamwambia. Haikutoka kwenye faida ya mpigapicha, maana mara nyingi faida yenyewe ni ya kutafuta kwa tochi. Imetoka kwa msaidizi aliyeachwa nyumbani, kwa hiyo bwana harusi akivaa kwao hakuna wa kumpiga. Imetoka kwenye picha 400 zilizogeuka 150. Imetoka kwenye Jumamosi yako, ambayo sasa imechanganywa na ubarikio wa mtoto wa mtu mwingine Kimara, na ndiyo maana mpigapicha wako kafika anahema. Kisha mwezi wa pili unakatika, unampigia, simu inaita tu. Akipokea anakwambia albamu ni hela nyingine. Unasema tulielewana. Naye anasema tulielewana. Wote wawili mnasema kweli, kwa sababu mlichoelewana ni namba na kila mmoja aliijaza kwa mambo yake.

Lawama si za wateja peke yao. Wapigapicha wetu wengi wanauliza bajeti yako kwa sababu bei yao wenyewe hawaijui. Hawajawahi kukaa na kalamu. Ichukue Canon 5D Mark IV, kamera ambayo wapiga harusi wengi wanaifahamu: kile kipazia cha ndani kinachofunguka na kufunga kila unapobonyeza, kiwanda kimekikadiria mibonyezo 150,000. Harusi moja, kuanzia saluni mpaka keki, inakula mibonyezo 2,000 bila kujitahidi. Hiyo ni harusi 75, baada ya hapo jiandae kwa fundi au kwa kamera nyingine. Kama uliinunua kwa milioni nne na nusu, kila harusi imekumegea shilingi 60,000 kabla hatujagusa lenzi, flashi, betri, bando na usafiri wa saa saba usiku. Picha hizo 2,000 zikiwa faili ghafi zinajaza gigabaiti 70 hivi, na mwenye akili zake anatunza nakala mbili. Ukichagua 400 za kukabidhi na kila moja ukaipa dakika mbili tu za kuhariri, ni saa 13 na dakika 20 mbele ya kompyuta, kazi ambayo mteja hataiona kamwe. Kodi ya TRA bado haijaingia. Mtu aliyekwisha kupiga hesabu hii hawezi kuuliza bajeti yako. Ana sakafu yake, na chini ya sakafu hiyo anajua anatumia akiba ya nyumbani kukufanyia wewe sherehe.

Halafu kuna saa zisizokuwa na mwenyewe. Kadi inasema saa 12 jioni. Maharusi wanaingia saa tatu usiku nyuma ya matarumbeta, kwa kuwa msafara uliona vema kuzunguka mji mara mbili. Hotuba za wazee zinaisha saa tano. Keki inakatwa mbiombio kwa sababu mwenye ukumbi anataka watu watoke saa sita. Mpigapicha alianza saa nane mchana saluni, akaenda kanisani, akaenda ufukweni kwa picha za nje, akangoja. Saa hizo za kungoja nani anazilipia? Kwenye maelewano hazilipiwi, na matokeo yake yanaonekana: saa nne usiku yeye yuko meza ya nyuma na sahani yake wakati shangazi yuko mbele anatunza kwa doti za khanga. Karatasi ya bei ingesema saa nane za kazi, ikizidi, kila saa kiasi fulani. Nina hakika misafara mingi ingeikumbuka njia ya mkato.

Wazee wa filamu hawakuwa na ugonjwa huu wa kuficha bei, ingawa walikuwa na wa kwao. Roli moja ilikuwa na picha 36. Mpigapicha wa mtaa alifika kwenye sherehe, akapiga, na siku za baadaye akapita nyumba kwa nyumba na bahasha yake. Bei ya picha moja mtaa mzima uliijua. Uliyofumba macho hukuinunua, hasara ikawa yake. Safi kabisa. Ila kwa kuwa kila mbonyezo ulikuwa hela, lenzi ilimfuata aliyeonekana ataweza kununua. Bibi aliyekaa kwenye mkeka karibu na masufuria alirukwa. Fungua albamu ya zamani ya familia yako uhesabu mjomba mwenye suti katokea mara ngapi, na aliyepika pilau mara ngapi. Namna ya kutoza inaamua nani aingie kwenye kumbukumbu za ukoo, na hili watu hawalizungumzi. Leo mibonyezo ni mingi kiasi cha kumfikia kila mtu, lakini mpigapicha aliyekamuliwa ataganda meza kuu, atapiga keki, atapiga wenye kutunza, basi. Ukitaka wapishi na wazee wa nyuma wapigwe, ziandike saa za kuwapiga.

Sasa undugu. Hapa ndipo watetezi wa maelewano wanapojiona wameshinda: utamtajiaje bei binamu yako? Kwani kamati ya harusi inafanyaje? Mtu akileta kreti kumi za soda, mhazini anaandika: kreti kumi, thamani yake kadhaa, mchango wa fulani. Haoni aibu. Lakini binamu mwenye kamera anakuja na vifaa vya mamilioni, anafanya kazi siku nzima, anahariri wiki mbili, na kwenye daftari la michango jina lake lina alama ya bado hajatoa. Tena atakumbushwa kwenye kundi la WhatsApp mbele ya watu! Angekuwa na bei inayojulikana, mhazini angeandika: picha za mnato, laki sita, mchango wa binamu. Angekuwa miongoni mwa wachangiaji wakubwa ukumbini. Asiye na bei hata zawadi yake haihesabiki. Bei ya undugu, ile ya nusunusu, inaleta ugomvi pande zote mbili, kwa sababu ndugu anaamini amelipa na mpigapicha anaamini ametoa sadaka. Lipa kamili au pokea zawadi kamili, na iandikwe.

Kuna jambo moja linalouzwa kwenye maelewano bila mwenyewe kujua, nalo ni sura za watu. Kitchen party na singo ni shughuli za wanawake, wamejifungia, wameachia nywele, wanafundana na kucheza watakavyo. Jumatatu asubuhi binti anaiona picha ya mama yake mdogo kwenye Instagram ya mpigapicha, imepambwa na namba ya simu kwa wanaohitaji huduma. Akilalamika anaambiwa ndiyo maana ulipunguziwa. Alipunguziwa na nani, na mama mdogo alikubali lini? Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inatumika tangu Mei 2023, na inataka taarifa za mtu zitumike kwa jambo lililokusudiwa zilipokusanywa. Mgeni aliyesimama mbele ya kamera alikusudia albamu ya bibi harusi, hakukusudia tangazo. Wapo wapigapicha wanaotoza nyongeza ili picha zisiwekwe mtandaoni. Huo ni ubabe. Bei ya kawaida iwe ni ya picha za siri, na anayekubali zitangazwe ndiye apunguziwe, kwa maandishi, na kwa sura yake mwenyewe tu.

Wapigapicha wana hofu zao, na baadhi ninazielewa. Wanasema kila tarehe ina bei yake. Ni kweli. Kwaresima ndoa kanisani ni za kutafuta, Ramadhani hali kadhalika, na mwaka 2025 mifungo hiyo miwili ilianza karibu pamoja, 2026 vilevile. Kwa mpiga harusi huo ni mwezi mzima bila Jumamosi ya kueleweka, kisha Pasaka ikipita au Idi ikipita zinamwagika zote kwa pamoja, na Desemba ndiyo usiseme. Jumamosi ya Desemba ikiwa ghali kuliko Jumanne ya Machi sioni kosa. Kosa ni kuificha tofauti hiyo mpaka usikie sauti ya mteja na jina la ukumbi wake. Andika bei mbili. Watu wanaelewa msimu, hata nyanya zina msimu.

Hofu kubwa zaidi ni ya jirani. Nikibandika laki sita, yeye atabandika laki tatu. Na abandike. Akiandika laki tatu ataandika na anachotoa kwa laki tatu: saa nne, picha 100, hakuna albamu. Wapo wanaohitaji hivyo hasa. Arobaini ya mtoto sebuleni haihitaji droni. Nawe utaonekana unatoa nini kwa laki sita, na mama wa Mbagala atachagua akiwa amekaa kwake, bila kumwomba mtu. Wanaokosa kwenye mpango huo ni wapigapicha wanaoishi kwa kupima unene wa sauti ya mteja, na wenyeviti wanaojisifu vikaoni kwamba wameangusha bei. Sitawalilia.

Kamati nazo ziache mchezo. Mwenye ukumbi mnamdai bei kwa maandishi, mpishi mnamdai bei kwa sahani, MC mnajua analipwa kiasi gani, halafu fungu la picha mnaliacha mpaka kikao cha mwisho muone kilichobaki. Kikao cha kwanza cha bajeti kiwe na karatasi za wapigapicha watatu, kila moja ina saa, idadi ya picha, tarehe ya kukabidhi, kianzio na salio. Atakayejibu kwamba bei ni maelewano, katibu aandike kwenye muhtasari: hakuleta bei. Apigiwe anayefuata.